Mtegemea cha Nduguye

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii hufunzwa katika shule zetu mapema, na aghalabu hutumiwa kumkemea mvivu anayekesha akiingojea sahani ya jirani. Ni nadra kwa mtu kuuliza iwapo kuna kitu chochote duniani kisichotegemea cha nduguye. Swali hilo lilimjia mwanafunzi mmoja wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili mahali ambapo hakulitarajia: katika chumba cha semina, mbele ya wahadhiri wake, mwezi wa Februari 2024, tarakilishi ya idara ikiwa imewaka na kiwambo kikionyesha mstari mmoja tu uliosema kwamba kitu fulani hakikupatikana.

Kisa chenyewe kilianza na madaftari. Babu yake mzaa baba, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufanya kazi ya ukarani katika bandari ya Kilindini, aliaga dunia akaacha madaftari matano ya mashairi. Mengi yalikuwa ya tarbia: mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Wino ulikuwa umefifia, na kurasa nyingine zilikuwa zimeonjwa na mende. Mjukuu aliyanakili mashairi hayo katika kipakatalishi usiku baada ya usiku, huku hofu moja ikimsumbua. Mwenye kunakili huona kile anachotarajia kukiona. Neno likimponyoka, jicho lake halimwambii.

Kaka yake mdogo, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi katika chuo kingine, alimtungia programu ya kuhesabu mizani. Kazi hiyo si nyepesi kama inavyodhaniwa. Irabu huhesabika kwa urahisi, lakini herufi "m" ina tabia mbili: katika "mtu" hubeba mizani yake yenyewe, ilhali katika "mbuzi" haibebi chochote. Ndugu hao wawili walibishana kwa simu majuma kadhaa kuhusu kanuni za namna hiyo hadi programu ikakomaa. Ilisoma faili za mashairi jinsi zilivyochapwa, ikahesabu, kisha ikaorodhesha kila mshororo uliopungukiwa au kuzidi. Dada mtu alirejea kwenye madaftari akiwa na orodha hiyo mkononi. Mara nyingi alikuta neno alilolipita, neno dogo lililojificha katika mkunjo wa karatasi. Alilia machozi siku alipogundua kuwa ubeti aliouona kuwa dhaifu haukuwa dhaifu hata kidogo. Udhaifu ulikuwa wake mwenyewe.

Siku ya semina ilipowadia, alianza kwa kusoma beti tatu za babu yake. Mwanafunzi mwenzake, mzaliwa wa bara, aliinua mkono akauliza maana ya "joshi", "demani" na "foromali". Alijibiwa kwa haraka, tena kwa ukali kidogo, kwamba hayo ni mambo ya tanga na vyombo vya baharini na kwamba yanajulikana. Kisha msemaji akaielekea tarakilishi. "Programu hii ilitengenezwa ili kuhesabu mizani," alieleza. Kauli ya kutendwa ina adabu yake katika uandishi wa kitaaluma, lakini ina maficho yake pia. Siku hiyo ilimficha mtengenezaji aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, kijana aliyesafiri usiku kucha kwa basi ili aje kumshuhudia dada yake.

Kipakatalishi cha kijana huyo kilikataa kuungana na projekta, kwa hivyo programu ilinakiliwa katika tarakilishi ya idara. Jambo hilo halikumtia wasiwasi. Juma lililotangulia alikuwa amemuuliza dada yake iwapo tarakilishi hiyo ina Python, lugha aliyoitumia kuitungia programu, na akajibiwa kuwa ipo, kwa kuwa mhadhiri mmoja wa isimu huitumia. Uchunguzi wake uliishia hapo. Programu ilipofunguliwa, kiwambo kilitangaza kwamba kifurushi kiitwacho pandas hakikupatikana.

"Dada, kwangu inafanya kazi," alinong'ona alipofika mbele.

"Hapa si kwako," dada yake alimjibu bila kumtazama.

Mtandao wa chuo ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hivyo kifurushi kilichokosekana hakingeweza kupakuliwa. Kijana alipata wazo. Alichomeka flashi katika kipakatalishi chake, akanakili folda nzima ya vifurushi, akaihamishia katika tarakilishi ya idara. Malalamiko ya kwanza yalitoweka, yakaja mengine. Sasa kifurushi cha pili, numpy, kilidai kwamba sehemu zake za ndani zimeshindwa kuanza. Mwenyekiti wa semina alikohoa kwa adabu, akasema kwamba mada hiyo ingerejelewa siku nyingine. Wasikilizaji walipiga makofi, yale makofi ya kumsitiri mtu.

Ni vyema kueleza kilichotokea, kwa maana aibu ile haikutokana na uzembe wa kawaida. Mtunga programu haandiki kila kitu mwenyewe. Kazi nyingi zimekwisha kufanywa na wengine, zikafungwa katika vifurushi na kuwekwa katika maghala ya umma mtandaoni, ambako yeyote huvichukua bila malipo. Kijana huyu alitaka kupanga hesabu zake katika jedwali, akaandika jina moja tu: pandas. Lakini pandas nacho humtegemea numpy katika kukokotoa nambari, na humtegemea dateutil katika kusoma tarehe. Naye dateutil humtegemea six. Isitoshe, pandas hiyo ilikuja na tzdata, kifurushi kinachohifadhi kanuni za saa za miji ya dunia, Nairobi ikiwemo. Alhasili, programu ya kuhesabu mizani ya mashairi ya Kiamu ilikuwa imebeba saa za ulimwengu mzima, na aliyeitunga hakuwa na habari. Vifurushi hivyo vilikuwa vimeingia katika kipakatalishi chake miezi mingi nyuma, kwa ajili ya kazi nyingine za darasani, vikakaa kimya kama samani za nyumbani. Mtu hazioni samani za nyumba aliyoizoea. Huziona anapohamia nyumba tupu.

Na je, kwa nini hata kuhamisha folda hakukufaa? Sababu ni kwamba baadhi ya vifurushi vina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa mapema kuwa lugha ya mashine, mahususi kwa mfumo fulani wa tarakilishi na toleo fulani la Python. Kipakatalishi cha kijana kilitumia Linux na Python 3.12, tarakilishi ya idara ilitumia Windows na Python 3.8. Majina yalikuwa yale yale, lakini yaliyomo hayakuwa mamoja. Mwanafunzi wa lahaja hatapata taabu kulielewa jambo hili. Neno "ndoo" katika Kiamu ni mwito wa kumtaka mtu aje. Katika Kiswahili sanifu ni chombo cha kutekea maji. Anayelihamisha neno hilo kutoka Lamu hadi Nairobi bila kutaja lahaja yake amelihamisha jina akaiacha maana.

Jioni ile ndugu hao waliketi kwenye benchi la saruji nje ya maktaba. Dada alianza kwa lawama: amefedheheshwa mbele ya msimamizi wake, na laiti angeambiwa mapema kwamba programu hiyo inahitaji vitu vingine, asingethubutu. Kaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli dada, sikutaja nilichotegemea. Lakini nawe hukunitaja."

Maneno hayo yalikaa baina yao kwa muda. Yalikuwa ya kweli, na ukweli wake ulikuwa mpana kuliko alivyokusudia msemaji. Dada mtu alikumbuka swali la mwenzake kuhusu joshi na demani na ukali aliolijibu nalo. Yeye alilelewa na mzee aliyeyatamka maneno hayo kila siku, kwa hivyo beti zile "zilifanya kazi" kichwani mwake bila msaada. Kwa msikilizaji aliyekulia mbali na bahari, zilikwama kama programu ilivyokwama. Naye hakuwa ameandika sherehe ya neno hata moja. Kosa lake na la kaka yake lilikuwa kosa lile lile: kila mmoja alikuwa amedhani kwamba nyumbani kwake ndiko kwa watu wote.

Historia ya fasihi yetu ina mifano teletele ya kazi zilizotoka nyumbani. Mwaka wa 1858 Mwana Kupona alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha. Mlengwa wa kwanza alikuwa mtu mmoja ndani ya nyumba moja. Binti huyo hakuhitaji kuelezwa lahaja ya mamake wala desturi za waungwana wa huko. Leo utendi huo husomwa na watu ambao hawajawahi kuikanyaga Lamu, nao huuelewa kwa sababu wahariri waliandamanisha matini na maelezo ya msamiati, hati na mila. Hali kadhalika, William Hichens alipochapisha Al-Inkishafi mwaka wa 1939, shairi halikusafiri peke yake. Lilisafiri na tafsiri na maelezo. Tumezoea kuiona sherehe kuwa kiambatisho cha kuchosha kinachojazwa mwishoni ili kumridhisha mtahini. Kwa hakika ni orodha ya mambo ambayo matini iliyategemea ilipokuwa kwao, na ambayo haitayakuta ugenini.

Kijana alirudi chuoni kwake akaanza upya. Kwanza alitenga mahali patupu katika kipakatalishi chake. Tangu toleo la 3.3 la mwaka wa 2012, Python huja na chombo cha kuundia mazingira yaliyotengwa, ambamo programu haioni vifurushi vingine vilivyomo katika tarakilishi. Humo programu yake ilikwama papo hapo, kama ilivyokwama katika semina, naye alifurahi. Ni heri kuaibika chumbani kuliko ukumbini. Aliongeza kifurushi kimoja baada ya kingine hadi ikafanya kazi, kisha akaandika faili ya orodha: jina la kila kifurushi pamoja na toleo lake kamili. Jina pekee halitoshi, kwa kuwa ghala humpa mwombaji toleo jipya linalomfaa. Anayeomba mwezi wa Machi na anayeomba mwezi wa Septemba huenda wakaondoka na vitu tofauti vyenye jina moja.

Baada ya hapo alipakua vifurushi hivyo katika flashi, si kwa ajili ya kipakatalishi chake bali kwa ajili ya Windows na Python 3.8, ili vije kusakinishwa bila mtandao wowote. Hapo akagonga mwamba. Toleo la pandas alilolizoea, 2.2, halikubali Python 3.8, la mwisho kuikubali ni 2.0.3. Alimpigia dada yake simu akapendekeza Python ya idara iondolewe na kuwekwa mpya. Dada alikataa. Kazi za mhadhiri wa isimu zilitegemea Python hiyo hiyo, na kuing'oa kungekuwa kulitengeneza paa la jirani kwa kuibomoa nguzo yake. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Programu ndiyo mgeni, na mgeni ndiye hujirekebisha.

Ipo njia nyingine ambayo mafundi huipenda: kufungasha programu pamoja na karibu mazingira yake yote katika kasha moja na kulihamisha kasha zima. Chombo mashuhuri cha kazi hiyo kilitangazwa mwaka wa 2013 na kuitwa Docker, jina la mpakiaji wa shehena bandarini. Dada mtu alipoelezwa habari hizo alicheka, kwa maana katika daftari la nne mna shairi la babu kuhusu siku makasha ya chuma yalipoanza kupunguza mizigo ya magunia mabegani mwa mahamali wa Kilindini. Hata hivyo tarakilishi ya idara ilikuwa kongwe, isiyouweza mzigo huo. Tena kasha husafirisha utegemezi, haliufuti. Asiyejua kilichomo ndani ya kasha bado hajui anachokitegemea.

Ni dada mtu aliyeuliza swali lililofungua njia: "Kwani kuhesabu mizani kunahitajia saa za dunia kwa nini?" Kaka alipochunguza alitambua kwamba alimwita pandas kwa kazi moja tu, kupanga jedwali, kazi ambayo Python inaweza kuifanya kwa vifaa vyake yenyewe kwa mistari michache. Akamwondoa, na pamoja naye wakaondoka numpy, dateutil, six na tzdata. Kilichobaki ni kifurushi cha kusomea faili za Word, yaani python-docx, na wategemewa wake wawili, lxml na typing_extensions. Hivyo hakuviondoa. Kuandika upya kazi hiyo kungemchukua miezi, na angeifanya vibaya kuliko walioifanya. Akaviandika katika orodha kwa majina na matoleo, na kando ya kila kimoja akaeleza kwa sentensi moja sababu ya kuwapo kwake.

Katika majuma hayo alimsimulia dada yake visa viwili. Cha kwanza ni cha 22 Machi 2016. Mtayarishaji programu aitwaye Azer Koçulu alizozana na wasimamizi wa ghala la npm kuhusu jina la kifurushi chake kimoja, kik, ambalo lilikuwa pia jina la kampuni. Alipopokonywa jina hilo, aliondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Miongoni mwao mlikuwa na left-pad, chenye mistari 11 tu, kilichokuwa na kazi ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno hadi lifikie urefu unaotakiwa. Mara ujenzi wa programu nyingi ulimwenguni ukakwama, zikiwemo za watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo, kwa sababu walitegemea vifurushi vilivyotegemea vingine vilivyokitegemea. Katika muda wa saa mbili hivi wasimamizi walikirejesha.

Kisa cha pili kilitokea wakati ndugu hao bado wako kazini. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ameona mlango wa siri katika xz, programu ya kubana data iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Alikuwa ametambua kwamba kuingia katika tarakilishi kwa njia ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia. Hila hiyo iliwekwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 na mtu aliyetumia jina la Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alijenga imani kwa kujitolea kumsaidia mtunzaji wa programu hiyo, mtu aliyeitunza kwa muda mrefu karibu peke yake na bila malipo. Orodha ya majina na matoleo haimzuii mwovu kama huyo. Lakini siku habari zilipotoka, aliyekuwa na orodha aliisoma akajua upesi iwapo yumo hatarini. Asiye nayo alibaki kukisia. Dada mtu hakulisahau jambo jingine katika kisa hicho: kwamba kitu kinachotegemewa na ulimwengu kilikuwa mabegani mwa mtu mmoja, na kwamba wengi wa waliomtegemea hawakuwa wakimjua.

Semina ilirudiwa mwezi wa Mei. Kaka hakuweza kuhudhuria kwa kuwa alikuwa na mitihani, na hilo ndilo lililokuwa jaribio la kweli. Flashi ilifika kwa basi ikiwa katika bahasha, pamoja na ukurasa mmoja wa maagizo kwa Kiswahili. Mhadhiri wa isimu mwenyewe ndiye aliyeusoma, akasakinisha vifurushi vitatu bila mtandao, akafungua programu. Ilihesabu mizani ya daftari la kwanza, ikasimama penye mshororo uliopungua mmoja. Mjadala wa iwapo babu alikosea au alikusudia ulichukua nusu saa, na safari hii kila msikilizaji alikuwa na sherehe ya kurasa sita mkononi. Aliyeuliza maana ya joshi mwezi wa Februari ndiye aliyeongea zaidi.

Tasnifu ilipokamilika, dada mtu alimtumia kaka yake ukurasa wa shukrani kabla ya kuupeleka kwa mpiga chapa. Palikuwapo jina la msimamizi, la nyanya aliyehifadhi madaftari katika kasha la mninga, la mwenzake wa bara kwa swali lake, na ya vifurushi vitatu pamoja na matoleo yake. Jina la kijana lilikuwa la kwanza, katika sentensi yenye mtenda bayana: yeye ndiye aliyeitunga programu. Simu ya dada iliita baada ya dakika chache.

"Dada, mbona umeniweka juu ya msimamizi wako?"

"Mdogo wangu," alijibu, "orodha huanza na kile ambacho kikikosekana, hakuna kinachowaka."